Naomba ushauri: majina kutofautiana kwenye vyeti na maandalizi ya usaili wa mahojiano

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimefaulu usaili wa mchujo wa nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira, na sasa ninajiandaa kwa usaili wa mahojiano, ambako uhakiki wa vyeti halisi hufanyika kabla ya msailiwa kuingia mbele ya jopo.

Cheti changu cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vina majina matatu kamili, lakini cheti cha kidato cha nne kina herufi ya kwanza tu ya jina la kati. Tangazo linawataka wenye majina yanayotofautiana wawasilishe hati ya kisheria. Je, kufupishwa kwa jina kunahesabiwa kuwa tofauti, au hati hiyo ni kwa waliobadili majina kabisa? Ninaogopa sana kurudishwa mlangoni.

Kuhusu mahojiano yenyewe, naomba waliowahi kusailiwa katika kada hii wanieleze kama jopo huuliza zaidi sera, au hukupa tukio la kijijini, mathalani kikundi cha wanawake kilichoshindwa kurejesha mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, likataka hatua utakazochukua.