Ramani inasema chaja iko tayari, skrini iko gizani: nimechoka kudanganywa na kidoti cha kijani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na usingizi kwa pamoja, mnivumilie. Usiku wa kuamkia leo nimefika nyumbani saa tisa, kutoka safari ambayo kwa gari langu la zamani la petroli ningekuwa nimeshaoga na kulala saa nne.

Kabla hawajaja wale wa "tulikuambia": gari langu la umeme halina kosa. Nalipenda. Linatembea kimya, ukikanyaga linaondoka, na habari za kubadilisha oili ya injini nimeshazisahau. Ugomvi wangu ni na chaja za barabarani, hasa kile kidoti cha kijani kwenye programu kinachokuambia "iko tayari" wakati haiko tayari kwa lolote.

Sikilizeni. Nilikuwa na asilimia 14. Betri yangu ni ya kilowati-saa 60, kwa hiyo kilichobaki ni nane na nusu hivi, na kwenye barabara kuu gari linakula kama 18 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni kilomita 45, tena ukifika umekauka kabisa. Nyumbani ni mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Ramani ikanionyesha kituo kilomita 11 mbele, chaja nne, zote kijani. Nikajua nimeula.

Ya kwanza, skrini nyeusi. Nikaigusa, nikaigonga, nikaizunguka kama fundi. Imekufa.

Ya pili inawaka vizuri tu, lakini plagi yake ni CHAdeMO, ule mfumo wa Wajapani ambao wenye Nissan Leaf wanaufahamu. Gari langu ni la CCS, plagi ya aina nyingine kabisa, haziingiliani. Siilaumu chaja, kuna wanaoihitaji. Ila aina ya plagi nilishaichagua kwenye programu siku ya kwanza, sasa kwa nini unihesabie hii kama mojawapo ya nne zangu?

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Nzima, inawaka, plagi ni yenyewe, haina mtu. Tundu la gari langu liko ubavuni nyuma. Chaja imesimikwa nyuma ya nguzo za kuzuia magari yasiigonge, na waya ni mfupi. Nikaingia kwa mbele, haufiki. Nikarudi kinyumenyume, haufiki. Nikapandisha tairi moja kwenye ukingo, nikauvuta ule waya mzito hadi mkono ukatetemeka. Umebaki kama sentimita 20. Aliyepima pale alipimia gari gani? Matundu ya magari ya umeme yako kila mahali: puani, ubavuni mbele, ubavuni nyuma, kulia, kushoto. Hilo si siri ya mtu.

Ya nne ikakubali. Yaani ikakubali baada ya kazi. Kisomeo cha kadi kimebandikwa karatasi, "hakitumiki kwa muda", na karatasi yenyewe imeshafifia kwa jua. Basi pakua programu yao (ya tano kwenye simu yangu, msicheke), fungua akaunti, subiri namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Pale chini ya paa mtandao haushiki. Nikatoka hadi barabarani, ujumbe ukaingia, nikarudi mbio, muda wa namba umeisha. Nikarudia. Hela ya dhamana ikashikiliwa kwenye kadi hata kabla umeme haujapita.

Chaja imeandikwa ubavuni kilowati 150. Ilinipa 38. Najua mtakachosema, na mimi nimesoma: betri ikiwa baridi inapokea polepole, ikishapita asilimia 80 kasi inashuka, na kuna makabati ya chaja yanayogawa nguvu kwa magari mawili. Nilikuwa na asilimia 11, betri imetoka kukimbia barabara kuu, na nilikuwa peke yangu. Ndani ya kabati la namna ile umeme unabadilishwa na moduli kadhaa zilizopangwa pamoja. Zikifa baadhi, zilizobaki zinaendelea na kazi, na chaja inakuwa kilema bila kumwambia mtu. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea. Ninachoapa ni kwamba kwenye ramani iliandikwa 150.

Dakika ya nne: "Hitilafu. Wasiliana na huduma kwa wateja." Na plagi ikabaki imejifunga kwenye gari. Kufunga wakati umeme unapita ni usalama, sawa, hakuna anayetaka mtu aichomoe ikiwa na volti mia nne. Lakini umeme umeshakatika! Nikaishia kupiga magoti ndani ya buti na tochi ya simu natafuta kamba ya dharura ya kuifungulia.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole, wala si kosa lake. Akasema, "Kaka, kwenye mfumo wetu chaja hiyo inaonekana iko sawa." Nikamwambia, "Dada yangu, nimesimama mbele yake." Akaizima na kuiwasha kutoka huko aliko, tukasubiri dakika kumi, hitilafu ileile. Nikamuuliza na ile ya kwanza yenye skrini nyeusi. Kimya kidogo, halafu: "Nayo inaonekana iko sawa."

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo, na ndiyo sababu ya uzi huu. Ndani ya chaja kuna modemu inayotuma taarifa kwenye seva kila baada ya muda: nipo, sina mteja. Seva ikisikia hivyo inaweka kijani. Skrini inaweza kuwa imekufa, kisomeo cha kadi kinaweza kuwa kibovu, pini za plagi zinaweza kuwa zimepinda, waya unaweza kuwa mfupi. Maadamu modemu inapumua, chaja "iko hewani". Halafu mwisho wa mwezi wanajumlisha saa hizo za kupumua kwa modemu na kutangaza kwamba mtandao wao unafanya kazi kwa asilimia tisini na kitu. Mimi sikwenda pale kuongea na modemu.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2022 watafiti waliokwenda kituo kwa kituo eneo la Ghuba ya San Francisco, Marekani, walijaribu plagi 657 za chaja za haraka kwenye vituo 181. Zilizofanya kazi ni asilimia 72.5, wakati wenye chaja walikuwa wakijinadi kwa asilimia 95 hadi 98. Na asilimia 5 hivi walikuta waya haufiki kwenye tundu la gari. Kwa hiyo sentimita 20 zangu zina ndugu.

Serikali nyingine zimeanza kuamka. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 2023: mitandao ya chaja za haraka iwe hewani asilimia 99, mtu alipe kwa kugusisha kadi bila kulazimishwa programu, na simu ya msaada ipokelewe saa 24. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 13 Aprili 2024, chaja mpya ya umma ya kilowati 50 na zaidi lazima ipokee malipo ya kadi. Nashukuru. Lakini hiyo 99 ni wastani wa mtandao mzima kwa mwaka. Kampuni yenye chaja 100 inaweza kuacha moja imekufa Januari hadi Desemba na bado ikawa imetimiza. Ukiwa na asilimia 11 usiku mbele ya hiyo moja, wastani haukusaidii kitu.

Ninachotaka wahesabu ni kingine kabisa: kati ya watu kumi waliochomeka plagi, wangapi waliondoka na umeme? Taarifa hizo wanazo. Chaja inajua kila ilipoanza na kila ilipokatika dakika ya nne. Chaja ambayo wateja watatu mfululizo wameshindwa, iwekeni njano. Ni mistari michache ya programu. Hawaiweki kwa sababu njano inaharibu ramani ya tangazo.

Na msiniambie "chaji nyumbani". Wanaoishi ghorofani bila sehemu yao ya kuegesha wachaji wapi, dirishani? Hata mwenye chaja nyumbani akisafiri anaihitaji ya njiani. Nyumbani ndiko ninakojaribu kufika.

Tukiwa hapohapo, na sisi madereva tuna ya kwetu. Kuna mtu anakaa kwenye chaja ya haraka kutoka 80 hadi 100 huku foleni imesimama nyuma yake. Muda huo ni karibu sawa na ule wa kutoka 10 hadi 80. Na wenye magari ya petroli wanaoegesha mbele ya chaja kwa sababu ni karibu na mlango, hao sina la kusema, Mungu anawaona.

Mwisho wa safari yangu? Nilijikokota kilomita 16 hadi nguzo ya AC, yaani chaja ya polepole ya umeme kama wa nyumbani, iliyoandikwa kilowati 22. Gari langu kwa AC halipokei zaidi ya 7, kipimo cha chaja yake ya ndani, hata ukichomeka kwenye bwawa la umeme. Kwa muda wa saa tatu nimelala nimejikunja nyuma ya usukani ili nipate kilowati-saa 20 za kunifikisha. Ile nguzo ya zamani, haina hata skrini, ndiyo iliyofanya kazi.

Sasa mwenye tundu ubavuni nyuma aniambie anaegeshaje kwenye vituo vyenye nguzo za kuzuia magari. Na kama kuna programu inayoonyesha mara ya mwisho mtu halisi alipofanikiwa kuchaji, si modemu ilipopumua, itajeni hapa, nitaifanya ya sita.

NYONGEZA: Hela ya dhamana imerudi. Malalamiko yangu yamefungwa, yameandikwa "limetatuliwa". Jirani amepita pale mchana akanipigia picha ya chaja ya kwanza. Skrini bado nyeusi. Kwenye ramani, kijani.