Mielofibrosisi: kupandikizwa seli shina au kuendelea na kemo?

Binti wa Kwanza
Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 61, amekutwa na mielofibrosisi. Ni saratani ya damu ambayo sikuwahi hata kuisikia: uboho unajaa makovu, unashindwa kutengeneza damu, bandama inabeba mzigo na kuvimba. Ya baba imeshuka hadi kitovuni. Akila vijiko vitatu ameshiba, na vifungo vya chini vya shati havifungiki tena. Anameza haidroksiurea, kemo ya vidonge. Daktari ametaja kupandikizwa seli shina, yaani seli mama zinazotengeneza damu, za mtu mwingine. Nusu ya familia inasema kemo inatosha, mzee asisumbuliwe. Ipi bora?

Nesi wa Zamu
Marahaba mwanangu, pole sana. Nimehudumia wodi ya upandikizaji miaka mingi, na swali lako nalisikia kila mara. Hivi viwili havishindani kama mnavyodhani. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa kemo siku kadhaa ili kuusafisha uboho wa zamani. Ndipo seli mpya zinaingia kwa mrija, mfuko ukining'inia kama wa kuongezewa damu. Ndugu wengi huja wakingojea upasuaji, wanashangaa. Kwa umri wa baba, kemo hiyo mara nyingi hupunguzwa makali, na kazi ya kuimaliza saratani huachiwa kinga ya mchangiaji.

Haidroksiurea inapunguza wingi wa chembe za damu na inaweza kuifanya bandama inywee, ila ugonjwa unabaki palepale. Kinachoweza kuung'oa kabisa ni upandikizaji peke yake. Lakini sitakuficha, wapo wanaokufa kwa tiba yenyewe: maambukizi, au kinga mpya kuushambulia mwili, yaani ngozi, utumbo na ini. Kwa hiyo muulizeni daktari, ugonjwa wa baba uko kundi gani la hatari? Ukiwa wa hatari ndogo, wengi husubiri na kufuatiliwa. Ukiwa wa hatari kubwa, kila mwezi wa kusubiri unamla nguvu atakazozihitaji.

Mwenye Uboho wa Kaka
Dada, mimi nilipandikizwa nikiwa na miaka 48. Vidonda vya mdomoni vilinifanya nilale na taulo kwenye mto, kwa sababu hata mate sikuweza kumeza. Siku ya 19 chembe nyeupe zikaanza kupanda, nikalia. Baadaye ngozi ikawasha na kubabuka, nikatumia dawa za kushusha kinga mwaka mzima, na chanjo za utotoni nikaanza upya. Leo uboho wangu ni wa kaka yangu na makovu yamepungua sana. Ningerudia. Ila nilikuwa na nguvu, na hilo msilipuuze.

Subira
Mbona hamjataja ruksolitinibu? Si kemo, ni vidonge vinavyozuia ishara zinazochochea ugonjwa. Marekani waliiidhinisha 2011. Mama yangu anaitumia: bandama imenywea, jasho la usiku limekoma, anamaliza sahani. Haiponyi, hilo tunalijua. Na msiikatishe ghafla bila daktari, dalili hurudi kwa kishindo.

Nesi wa Zamu
Kweli kabisa. Wengine hupewa hiyo kwanza, bandama ipungue, kisha wapandikizwe. Binti, msingoje uamuzi ndipo mtafute mchangiaji. Ndugu zake baba yako, waliozaliwa naye kwa baba na mama hao hao, wapimwe sasa. Kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kwa aina ya tishu. Wewe kama mtoto unalingana nusu, na siku hizi hata nusu hutumika.

Binti wa Kwanza
Asanteni mno. Nimemsomea baba yote. Kitu alichouliza ni kimoja tu: mdogo wake akichangia, ataumia?

Nesi wa Zamu
Mwambie mara nyingi uboho hauguswi. Atachomwa sindano siku nne au tano ili seli zimwagike kwenye damu. Mifupa itauma kama mtu mwenye homa. Halafu atakaa saa kadhaa kwenye mashine, damu ikitoka mkono mmoja na kurudi mwingine. Kwa kawaida jioni anakuwa nyumbani kwake.

Binti wa Kwanza
Baba mdogo ameshasema anakwenda kupimwa Jumatatu.