Tupeane uzoefu: ugonjwa wa mjini uliowahi kuingia nyumbani kwako

Mpangaji wa Uani: Wakuu, mvua imekatika alfajiri, natoka nje nakuta jirani ametapisha choo, maji yanateremka mtaroni na watoto wanapita peku. Nimekumbuka tulivyougua homa ya matumbo nyumba nzima. Daktari, kabla ya kupima chochote, aliuliza maji ya kunywa tunatoa wapi. Bombani, bila kuchemsha. Na bomba lenyewe limelala ndani ya mtaro, tena lina ufa. Maji yakikatika, ule ufa unafyonza uchafu, yakirudi mnakinga ndoo. Nani mwingine yamemkuta?

Chumba Namba Nne: Yamenikuta. Nikisikia harufu ile wakati wa mvua mwili unasisimka.

Mama Pacha: Sijawahi kusimulia hili. Pacha wangu wa kiume, miaka 6, alianza kuharisha saa nne usiku. Sikushtuka. Kufika saa sita, anachotoa si kinyesi tena, ni maji meupe kama yaliyooshea mchele. Akaanza kutapika. Saa nane macho yamezama, analia bila machozi, nikimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nikampa dawa ya kufunga tumbo iliyokuwa kabatini. Hilo nalijutia mpaka leo.

Baba yao alikuwa safarini. Kuna dada wa chumba cha pili, tulikuwa hatusalimiani kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Alisikia kilio akaingia bila hodi. "Umempa maji ya chumvi na sukari?" Nikasema kila akinywa anatapika. Akasema mpe kijiko, subiri, mpe kijiko kingine. Akachanganya mwenyewe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Tukamnywesha hivyo njia nzima ndani ya gari.

Kituoni viatu vyetu vilinyunyiziwa klorini mlangoni. Wakamlaza kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Kipindupindu. Dripu mikono yote miwili. Kumekucha, akakojoa. Muuguzi akaniambia, mama, sasa amerudi. Nililia kwa sababu ya mkojo. Kamba ya nguo tangu siku hiyo ni ya yule dada, yote.

Fundi Mabomba: Nimesoma nimesimama.

Bibi wa Wanne: Mungu amlinde yule dada.

Mwenye Nyumba: Pole sana mama. Ila msitubebeshe lawama sisi tu. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni, na chumba kimoja mnalala watu saba. Shimo lisijae?

Chumba Namba Nne: Vyumba tisa, choo kimoja, na kodi unapokea ya vyumba tisa. Usituhesabu vichwa.

Mwenye Nyumba: Mlipochangishwa hela ya kunyonyesha shimo, wewe ulitoa?

Mwalimu Mstaafu: Jamani. London mwaka 1854 watu walikufa kwa kipindupindu mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow alifuatilia waliokufa walikuwa wakichota wapi, akaikuta pampu moja. Kisima kilikuwa jirani na shimo la maji machafu linalovuja. Mpini wa pampu ukang'olewa. Wabishi waliendelea kubishana miaka, lakini mpini ulikuwa umeshatoka. Ninyi hapo anzeni na mpini.

Kijana wa Ghorofani: Sisi ilikuwa dengue. Tulilala ndani ya chandarua kila siku tukajiona salama, kumbe mbu wake anauma mchana! Viluwiluwi nilivikuta sebuleni, kwenye kisahani cha chini ya chungu cha maua. Macho yaliniuma kwa nyuma, mifupa kama imepondwa. Siku ya 5 homa ikashuka, tukashangilia. Usiku ule fizi zikaanza kutoka damu. Homa ya dengue ikishuka ndipo pa kumwangalia mgonjwa. Na msimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza damu kutoka.

Bibi wa Wanne: Mimi nasema fungeni madirisha mapema.

Miezi Sita: Hapana bibi, fungueni! Nilikohoa wiki tatu nikasingizia moshi wa magari. Kifua kikuu. Tulikuwa tunalala wanne, dirisha limezibwa kwa boksi. Mwezi wa 2 nikajiona mzima, nikaacha vidonge, kikarudi na nguvu. Malizeni miezi 6, hata mkijiona mnaweza kubeba gunia.

Chumba Namba Nne: Sasa tufunge au tufungue?

Fundi Mabomba: Weka wavu, ufungue.

Mzee wa Kona: Mie nikiharisha nakunywa antibayotiki mbili, kwisha.

Miezi Sita: Mzee, kinachoua ni kukaukiwa maji. Kunywa maji ya chumvi na sukari kwanza, dawa akuandikie daktari. Hizo za kubahatisha ndizo zinazofanya wadudu wawe sugu.

Mgeni Hapa: Samahani kuingilia. Mwanangu ana miaka 2, anaharisha tangu asubuhi. Nimefinya ngozi kama alivyoeleza Mama Pacha. Imechelewa kurudi.

Mama Pacha: Usiandike tena hapa. Toka sasa hivi. Njiani kijiko, subiri, kijiko.

Mgeni Hapa: Tumeshatoka.