Kisima cha ploti Kangemi: kichujio cha kauri kinatosha?

MamaTumaini: Habari zenu. Maji ya mfereji huku hayaaminiki, tunategemea kisima cha kuchimbwa kwa mkono hapa hapa kwenye ploti. Choo cha shimo cha jirani kiko nyuma ya ukuta. Mwenye duka mjini ananiambia kichujio cha kauri kinamaliza kazi yote. Nina mtoto wa miezi minne wa maziwa ya kopo. Ninunue?

Jirani_Uthiru: Dada, chemsha tu. Kichujio ni kupoteza pesa.

FundiVisima: Mama Tumaini, subiri kwanza. Kauri nzuri hunasa tope na bakteria, lakini virusi ni vidogo mno, vingi hupita. Kwa hiyo chuja, halafu chemsha mpaka yatokote sawasawa, au tia klorini kwa kipimo cha kwenye chupa na usubiri nusu saa. Nairobi tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hizo zinatosha kuua vijidudu.

Kinachonitia wasiwasi ni huyo mtoto. Choo kikiwa karibu hivyo, nitrati, kemikali inayotokana na uchafu wa choo, huingia kisimani. Haina rangi, haina harufu, na kauri haiizuii. Jirani, hapa kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, nitrati inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Tafadhali, maziwa yake usiyakoroge na maji ya kisima hicho hata mara moja kabla hayajapimwa. Tumia ya mfereji yaliyochemshwa, au ya chupa.

Baba_Wawili: Sisi tuna kisima kirefu cha mashine. Meno ya watoto yana madoa ya kahawia.

FundiVisima: Hiyo inafanana na floridi, kaka, madini yanayotoka kwenye miamba. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Nayo haiondoki kwa moto. Huondolewa kwa mkaa wa mifupa au mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana.

MamaTumaini: Asante sana. Maabara niwaambie wapime nini?

FundiVisima: Nitrati, floridi na *E. coli*, bakteria wa kinyesi. Chupa ya sampuli ya kupima vijidudu ichukue kwao, imeshatakaswa. Usiisuuze, iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyo hiyo. Chota baada ya mvua, maana hapo ndipo uchafu hujitokeza.