Mrejesho: vidole vya kaka yangu vilivyoanza kuwa vyeusi

Wadau, nilileta hapa swali la kaka yangu wa Moshi, mvutaji sigara wa miaka mingi: vidole vya miguu vya baridi, maumivu usiku kucha, kimoja kimeanza kuwa cheusi. Niliuliza kama kuna dawa ya kuzibua mishipa.

Tulimpeleka hospitali ya KCMC. Sukari hana, moyo uko sawa. Ni ugonjwa wa Buerger, uliopewa jina la Leo Buerger, daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1908. Mishipa midogo ya mikono na miguu huvimba na kuziba kwa damu iliyoganda, na kichocheo ni tumbaku.

Dawa zipo. Kaka anatumia aspirini, nifedipini ya kutanua mishipa, na za maumivu. Ipo pia iloprosti, dripu ya taratibu ya saa 6 hivi kila siku kwa wiki kadhaa. Hupunguza maumivu na kusaidia vidonda kupona, ila huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Yeye hakuanzishiwa hiyo. Lakini hakuna hata moja inayousimamisha ugonjwa huu mtu akiendelea kuvuta, hata sigara moja au mbili kwa siku. Ugoro nao ni yale yale (mama alishamnunulia kama mbadala, tukamzuia haraka).

Ameacha kabisa, na ninajivunia sana. Kidole cheusi kilikatwa. Vingine vimerudi joto, kidonda kinafunga, usiku analala. Kliniki ijayo watakagua vidole vya mkono wa kushoto, maana vina ganzi.