Tupeane uzoefu: ekstensheni yako unaikunjaje isigeuke kiota cha ndege?

Mwanzisha mada
Wakuu, leo nilikuwa na matundu mawili ya kutoboa ukutani. Kazi ya dakika tano. Ekstensheni ya mita 20 iliyokuwa stoo ikanila dakika 25 kabla sijaigusa drili, nimepiga magoti sakafuni, plagi nimeibana kwa meno, navuta kitanzi hiki kinakaza kile. Na naapa niliikunja mwenyewe mara ya mwisho, kiganja-kiwiko, kiganja-kiwiko, nikaifunga kwa mkia wake, nikaitundika msumarini kwa adabu zote. Nani huingia stoo usiku kuisuka? Leteni uzoefu wenu, hata wa aibu.

Kiwiko cha Chuma
Kiwiko ndiyo njia, mkuu. Nakunja hivyo tangu nikiwa kijana na sijawahi kulia. Wewe hukukaza vizuri. Vuta mpaka waya ukae kama kamba ya ngoma, halafu zungusha mkia mara tatu katikati, umemaliza.

Mpiga Spika
Kiwiko cha Chuma, samahani mzee wangu, lakini hapo nitakupinga. Nimefunga na kufungua vyombo vya muziki kwenye shughuli za watu miaka 14, na siku ya kwanza kazini niliponyoosha kiwiko nilinyang'anywa waya mkononi.

Sababu ni hii. Kila ukizungusha waya mara moja kwenye mkono uliosimama, unauongezea msokoto mmoja. Vitanzi 20, misokoto 20. Siku ukiuvuta unyooke, ile misokoto haina pa kwenda, basi waya unajinyonganyonga kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Na ndani yake nyaya zile mbili tatu nazo zinasokotana. Umewahi kuona ekstensheni ambayo hata ukiilaza chini imenyooka bado ina mawimbimawimbi? Hiyo imeshaharibiwa na kiwiko.

Sisi tunakunja hivi. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unaleta. Kitanzi cha kwanza unakileta kawaida. Cha pili, unaushika waya kiganja kikiwa kimegeuzwa, kidole gumba kinakuelekea, halafu unaporudisha kiganja kitanzi kinajigeuza chenyewe na waya unaingia kwa nyuma. Cha tatu kawaida, cha nne geuza. Msokoto wa kwanza unafutwa na wa pili. Ukimaliza unashika ncha moja, unarusha, waya unatoka wote kama ulivyo, hata mita 50. Vitanzi viwe vipana, kama sahani kubwa au zaidi. Usiulazimishe waya: ukiusikiliza, wenyewe unakuonyesha unataka kulalia upande gani.

Siku mbili za mwanzo utaona kama mkono si wako. Ya tatu hutafikiri tena.

Mwanzisha mada
Nimejaribu sasa hivi kwa waya wa chaji. Kitanzi cha tatu nikapoteza hesabu, nikajifunga kidole. Naendelea.

Mpiga Spika
Nilisahau onyo moja, na hili lilinipata mbele ya maharusi. Ukikunja kwa mtindo huu, ncha ya waya isipite kamwe katikati ya vitanzi. Ikipita halafu ukavuta, unapata mafundo yaliyopangana kama shanga, fundo moja kwa kila jozi ya vitanzi. Niliyahesabu tisa huku bwana harusi ananiangalia. Ndiyo maana tunafunga kwa kile kitepe cha kubandika na kubandua, kama cha viatu vya watoto, tena kiwe kimeshikizwa kwenye waya wenyewe kisipotee. Mkia wa waya si kamba ya kufungia.

Msomaji wa Usiku
Kuhusu nani huingia stoo usiku: hilo limechunguzwa kweli, sitanii. Mwaka 2007 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walitia uzi kwenye kisanduku, wakakizungusha, wakafungua kuangalia. Walirudia mara elfu tatu na ushee. Mafundo yalijifunga ndani ya sekunde chache tu, na uzi ukiwa mrefu na mlaini ndivyo yanavyozidi. Kinachotokea ni kwamba uzi ulioachwa huru unajilaza kwa mizunguko, ncha yake inarukaruka kupita juu na chini ya mizunguko ya jirani, kama mtu anayesuka ukili. Mwaka 2008 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kwa hiyo mwanzisha mada, huna jini. Una ncha iliyolegea.

Bibi wa Droo
Mimi sina mita 20, wajukuu zangu, nina droo. Nyaya fupi za mita mbili tatu nakunja kwa umbo la nane kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, nachomeka ndani ya kile kiini cha karatasi ya chooni, nasimamisha viini kwenye kisanduku kama mishumaa. Juu naandika ni waya wa nini. Zamani nilikuwa na nyaya sita zisizojulikana za kifaa gani, naziogopa kuzitupa. Sasa nazo nimeziandika: "sijui". Ziko tatu.

Aliyeunguza Roli
Ngoja niwaletee wa aibu. Mimi nilijiona mjanja, nikanunua ile ekstensheni ya roli yenye mpini wa kuzungushia. Haisokotani, kweli kabisa, kwa sababu roli ndilo linalozunguka na waya unaingia ulivyo. Nikawa navuta mita mbili ninazohitaji, nyingine zote nimeziacha rolini. Nadhifu.

Usiku mmoja wa baridi nikachomeka hita ya wati 2,000. Baada ya saa moja na kitu nikasikia harufu kama ya ndala iliyoachwa karibu na moto. Nikagusa waya wa juu wa roli: vuguvugu tu. Nikajisemea si huku. Nikanusa hita, nikanusa ukuta, nikazunguka chumba kama paka. Niliporudi nikauvuta ule waya, haukuja. Tabaka za ndani zilikuwa zimeshikana, mpira wake umeyeyuka kuwa kipande kimoja. Nilikwenda kuzima kwenye swichi kuu mikono ikitetemeka.

Kesho yake ndipo nikaisoma lebo ya pembeni mwa roli, herufi ndogo: wati 1,000 ukiwa umekunjwa, 3,000 ukiwa umenyooshwa wote. Lebo ilikuwepo siku zote.

Mchangiaji wa Pembeni
Hiyo ni sumaku. Waya ukizungushwa unageuka koili, unatengeneza sumaku, sumaku inauchemsha.

Fundi Umeme Mstaafu
Hapana, mwanangu, nalisikia hilo sana. Ndani ya ekstensheni umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa wa pili ulio ubavuni mwake, kwa hiyo sumaku ya mmoja inafutwa na ya mwenzake. Kinachounguza ni joto la kawaida. Kila waya unaopitisha umeme unapata joto kidogo, na mzigo ukizidi mara mbili joto linazidi mara nne. Ukiwa umenyooshwa, hewa inalichukua. Ukiwa rolini tabaka kumi, la katikati limevikwa mablanketi tisa. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9. Ndiyo maana juu palikuwa vuguvugu na ndani panayeyuka. Wenye hita, pasi na birika: toeni waya wote nje, hata kama mnahitaji mita moja. Na usipite chini ya zulia, hilo nalo ni blanketi.

Roli zingine zina kinga inayokata umeme joto likizidi. Ikikata, usibonyeze tu kuirudisha ukaendelea.

Kiwiko cha Chuma
Mimi nauliza tu. Yangu siku hizi haiwaki mpaka niukunje waya kidogo pale karibu na plagi. Nimeweka kitabu juu yake kuushikilia. Hilo linahusiana na mjadala huu?

Fundi Umeme Mstaafu
Itoe ukutani kwanza, mzee mwenzangu, halafu soma. Ule waya ndani si mmoja. Wa milimita za mraba 1.5 kwa kawaida ni nyuzi 30 za shaba, nyembamba sana. Ukikaza palepale kila mara kama kamba ya ngoma, zinakatika moja moja. Zikibaki tano, zile tano zinabeba mzigo wa 30 na zinachemka, na hicho kitabu chako ni karatasi kavu. Kata kipande kibovu, ufungiwe plagi upya, au achana nayo. Usiuzungushie utepe ukasema umepona.

Kiwiko cha Chuma
Nimeitoa. Kitabu kina alama ya kahawia.

Mwanzisha mada
Mrejesho. Leo mchana nimeutandaza uani mita zote 20, nikauacha juani robo saa ulainike, kisha nikaushika ncha moja nikawa nautembeza kiganjani kusukuma misokoto itokee upande wa pili. Ulikuwa unajizungusha wenyewe chini, plagi inagonga sakafu, taka taka taka. Nimeukunja kwa mtindo wa Mpiga Spika, vitanzi 18, nikaurusha kujaribu. Ukatoka wote isipokuwa fundo moja, karibu na mwisho, pale mtoto aliponiita nikapoteza hesabu.