Tupeane uzoefu: dhana gani ya fizikia ilikusumbua hadi karibu na mtihani wa mwisho, na ilikufungukia vipi?

Ndugu zangu, mtihani wa kidato cha nne unakaribia, na vijana wengi wa mchepuo wa sayansi wamekwisha kuunda makundi ya kujisomea jioni. Nimekuwa nikikaa na baadhi yao. Kanuni wanazo, tena wanaziandika bila kufungua daftari, lakini swali likianza na "eleza kwa nini" kundi zima linanyamaza. Kwa hiyo ninaomba kila aliyepitia njia hiyo atueleze swali moja lililowafanya mbishane, hoja zilizotolewa na kilichomaliza ubishi. Daraja ulilopata si muhimu hapa.

Nianze mwenyewe. Sisi tulikwama kwenye swali la lifti: mtu mwenye tungamo la kilogramu 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti inayopanda, je, mizani itasoma nyutoni ngapi? Nusu ya kundi walisema usomaji lazima uongezeke kwa sababu lifti inakwenda juu, na waliobaki walishikilia kwamba uzito ni uleule. Ubishi ulikwisha pale mwenzetu mmoja alipouliza kama lifti inapanda kwa mwendo usiobadilika au inaongeza mwendo. Tukichukua mvuto kuwa 10, lifti inayopanda kwa mwendo uleule mizani yake itasoma nyutoni 600, sawa kabisa na iliyosimama. Ikianza kupanda kwa mchapuko (yaani kiasi ambacho mwendo unabadilika kila sekunde) wa mita 2 kwa sekunde mraba, itasoma 720. Ikikaribia ghorofa ya juu na kuanza kupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho, itasoma 480, ingawa muda wote huo inaendelea kupanda. Yaani kinachoamua ni upande wa mchapuko, wala si upande wa mwendo, na mtu akishalielewa hilo maswali mengi ya kani yanalegea.

Fundi umeme, Morogoro

Kwetu ilikuwa balbu mbili, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zote zimetengenezwa kwa volti 240, zikaunganishwa kwa mfuatano kwenye umeme huohuo wa volti 240. Swali liliuliza ipi itawaka kwa mwanga mkali zaidi. Darasa zima lilijibu ya wati 100, na hata leo wanagenzi wangu hujibu hivyo hivyo.

Hesabu inasema kinyume. Ukinzani wa balbu ya wati 60 ni mraba wa 240 ugawanywe kwa 60, yaani omu 960, na wa ile ya wati 100 ni omu 576. Zikiwa kwenye mfuatano, mkondo unaopita ni mmoja, kama ampea 0.156, kwa hiyo yenye ukinzani mkubwa ndiyo inayotumia nguvu zaidi: inapata takriban wati 23, na mwenzake takriban 14. Wati zilizoandikwa kwenye balbu ni ahadi inayotimia pale tu inapopata volti 240 zake kamili, na hapa kila moja imepata sehemu yake. Wadogo zangu, kabla hamjachagua kanuni ya nguvu ya umeme, jiulizeni kwanza ni kitu gani kiko sawa kwa vifaa vyote viwili, mkondo au volti.

Mwalimu wa fizikia, Iringa

Ninawashukuru waliotangulia. Mimi ningependa kukaa zaidi kwenye mtihani wa vitendo, kwa sababu wanafunzi huuchukulia kuwa ni wa mikono tu, kumbe dhana nyingi zimejificha humo.

Chukueni pendulamu, yaani kigololi kinachobembea kwenye uzi. Mwanafunzi anapima muda wa mizunguko 20 kwa urefu tofauti wa uzi, anachora grafu ya mraba wa kipindi (muda wa mzunguko mmoja) dhidi ya urefu, na kutokana na mteremko anapata mvuto. Wengi huachia kigololi, huanzisha saa na papo hapo husema "moja". Wakifika ishirini wamehesabu mizunguko 19, bila kujua. Kwa uzi wa mita 1, kipindi ambacho kingekuwa sekunde 2.0 kinakuwa 1.9, na mvuto unatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Jambo la hatari ni kwamba grafu yenyewe bado inanyooka vizuri na kupita kwenye chimbuko (sifuri ya grafu), kwa sababu kosa limegusa kila kipimo kwa uwiano uleule, na mwanafunzi anaondoka chumbani akiwa ameridhika. Anzeni kuhesabu na sifuri. Tena anzisheni saa kigololi kinapopita katikati, ambako kinakwenda kasi na ni rahisi kuona kimepita lini, si kule pembeni ambako kinasita.

Sasa mlinganishe na anayepima urefu wa uzi peke yake akasahau kuongeza nusu kipenyo cha kigololi. Huyu mstari wake hautapita kwenye chimbuko, lakini mteremko utabaki uleule na mvuto wake utatoka sawa. Hiyo ndiyo sababu mtihani hudai grafu, badala ya kuridhika na kipimo kimoja: kuna makosa ambayo mteremko unayasamehe, na kuna mengine ambayo hauyaoni kabisa. Kundi likijadili tofauti ya makosa haya mawili kwa jioni moja, litakuwa limejiandaa kwa maswali ya vyanzo vya makosa vizuri kuliko aliyekariri orodha yake.

Aliyesomea Mombasa, sasa yuko Nairobi

Nilihamishwa shule nikiwa kidato cha tatu, kutoka Pwani kwenda Nairobi. Katika maabara mpya maji yalichemka kipimajoto kikiwa kwenye digrii 95 hivi, nami nikamwambia mwalimu kwamba kifaa kimeharibika. Alinijibu kwa swali: Nairobi iko juu ya bahari kwa mita ngapi? Iko takriban mita 1,700, hewa iliyo juu yake ni chache, kanieneo (msukumo wa hewa kwenye kila eneo) ni ndogo, na maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa. Maharagwe huchelewa kuiva huku kwa sababu maji yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi, na sufuria ya kanieneo inasaidia kwa kuipandisha kanieneo ile. Swali la aina hii lilikuja baadaye katika mtihani wa majaribio wa shule, na nililijibu nikiwa na uhakika.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Vijana wasiogope kuuliza jambo linaloonekana la ajabu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyaingiza kwenye friza yakiwa moto yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alichekwa. Baadaye akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, naye Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo: mwaka 2016 watafiti wawili walirudia majaribio, hawakupata ushahidi wa kutosha, wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali pa kuweka kipimajoto inaweza kubadili jibu. Mpemba aliuliza kwa kuwa alikuwa ameona, na ubishi umedumu kwa kuwa watu wanapima.

Mtahiniwa wa mwaka huu

Shikamooni. Kundi letu hujadili kwa Kiswahili kwanza mpaka wote tuafikiane, kisha mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza na wengine wanalisahihisha, maana ndiyo lugha ya mtihani. Ninalo swali kuhusu lifti. Kamba ikikatika, mizani itasoma sifuri. Je, mtu huyo amekuwa hana uzito?

Mwanzilishi wa mada

Marahaba, mdogo wangu. Dunia haijaacha kumvuta, kwa hiyo uzito wake bado ni nyutoni 600. Mizani husoma kani ambayo sakafu yake inamsukuma nayo, na sasa sakafu inaanguka kwa mchapuko uleule wa mtu: 60 mara (10 toa 10) ni sifuri. Wanaanga kwenye chombo kinachoizunguka Dunia wanaelea kwa sababu hiyohiyo, ingawa mvuto bado unawashika. Jaribuni na hii: lifti inashuka, na inapunguza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde mraba ili isimame ghorofa ya chini. Mizani itasoma ngapi? Leteni jibu pamoja na mchoro wa kani.